Mrejesho: ule uvimbe kifuani mwa dada

Wakuu, niliuliza kuhusu dada yangu: moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kakonda, halafu picha ya CT ikaonyesha kitu nyuma ya mfupa wa kifua. Tuliwaza saratani, mama alishataja kuuza kiwanja.

Kumbe ni ugonjwa wa Graves, kinga ya mwili inaichochea tezi ya thairoidi (ile ya shingoni) izalishe homoni kupita kiasi. Daktari alisema tezi ya thaimasi (ya kinga ya mwili, iko nyuma ya mfupa wa kifua) nayo huweza kuvimba kwa ugonjwa huo huo, na mara nyingi hunywea thairoidi ikitulia. Hakupasua. Akampa kabimazoli, dawa ya kupunguza homoni za thairoidi.

Miezi 6 baadaye picha imerudiwa: thaimasi imenywea sana! Dawa anaendelea nayo, ila kaonywa: akipata homa na koo kuuma, asimamishe dawa na akapime chembe nyeupe za damu siku hiyo hiyo, maana dawa hii huweza kuzishusha.