Naomba ushauri: Same hadi Mkomazi kwa baiskeli kupitia Kisiwani, nani anaijua njia?

Tambarare_Tu
Habari za usiku wakuu. Usingizi umegoma, naomba mawazo yenu. Nataka kutoka Same hadi mji mdogo wa Mkomazi kwa baiskeli, ila si kwa barabara kuu ya Makanya na Hedaru. Kule mabasi ya Dar yanakupita karibu kiasi kwamba upepo wake tu unakutupa majanini, malori ndiyo usiseme. Nasikia njia ya nyuma ya milima ya Upare, yaani Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio, imetulia. Tutakuwa wawili na tutalala njiani usiku mmoja. Maji yapo? Wanyama je? Mwenzangu ana mazoezi ya kutosha. Natanguliza shukrani.

Kibuyu cha Togwa
Wa kwanza. Naweka kambi hapa, waje wenye baiskeli.

MpareOrijino
Njia naijua, nimekulia Gonja. Jumla ni kama kilomita mia. Ukitoka Same unapita karibu na geti la Zange la hifadhi ya Mkomazi, halafu unashuka, mlima uko kulia kwako na hifadhi kushoto. Lami ipo vipande, kwingine ni changarawe na vumbi. Tembo wapo, wanatembea kati ya hifadhi hiyo na Tsavo ya Kenya, hawana habari na mpaka. Kipande cha Same hadi Kisiwani usikipite alfajiri wala magharibi.

Tembo utamwona kwa mbali. Mbigili hutaiona. Beba tyubu za akiba, viraka, gundi na pampu yako mwenyewe.

Na uangalie mvua. Upande huu unapata mvua kuliko Hedaru, na Ndungu na Kihurio wanalima mpunga kwa maji yanayoshuka milimani. Ikinyesha usiku, asubuhi tope linajaa kwenye madigadi, gurudumu linagoma kuzunguka, unaishia kuibeba baiskeli begani. Mna gia? Na huyo mwenzako ni nani?

Tambarare_Tu
Asante sana mkuu. Yangu ina gia, ya mwenzangu ni ile ya chuma ya kawaida. Ni ndugu tu.

Bwana Kerea
Ndugu gani hana jina? Huyo ni mchepuko. Njia ya nyuma ni ili shemeji zako wasikuone barabara kuu 😂

Mama Wawili Tanga
Ungekuja huku kwetu. Tanga hadi Pangani, minazi na mkonge, bahari huiachi mbali, jioni unakula samaki. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa tunapakizana kwenye kerea hadi Kigombe. Siku moja mnyororo ukakata kanga yangu, nikafika ukweni na nusu kanga. Mama mkwe hakusema kitu, alinitolea yake. Basi tu, nimekumbuka.

Sista wa Zamu
Kaka, narudia swali la MpareOrijino. Mwenzako ana umri gani?

Tambarare_Tu
Sawa. Ni mzee wangu, ana miaka 69. Lakini msimchukulie kama wazee wenu. Kila siku anaendesha kwenda shambani na kurudi. Mama yangu kwao ni Ndungu, na enzi za uchumba mzee alikuwa akimfuata kwa baiskeli kutoka Same. Ameniomba mwenyewe tuipite tena. Baiskeli zote mbili zimeshapelekwa Same, na ruhusa kazini nimepata.

Sista wa Zamu
Anatumia dawa yoyote?

Tambarare_Tu
Za kawaida za wazee.

Sista wa Zamu
Za kawaida ni zipi?

Tambarare_Tu
Sindano ya sukari. Asubuhi na jioni. Lakini sukari yake iko vizuri, na daktari mwenyewe alisema afanye mazoezi.

Bwana Kerea
Nafuta utani wangu.

Sista wa Zamu
Hilo ndilo lilipaswa kuwa sentensi ya kwanza. Mazoezi ya kwenda shambani siyo kilomita mia. Misuli ikifanya kazi inakula sukari, na insulini uliyodunga asubuhi inaendelea kuishusha. Inaweza kushuka hata usiku akiwa amelala, baada ya safari. Arudi kliniki kabla hamjaondoka, dozi ipangwe upya na anayemtibu, msijipangie wenyewe. Kipimo kibebeni, mpime njiani. Akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akianza kuongea ovyo, mnasimama hapo hapo, anapewa soda yenye sukari au glukosi. Akipoteza fahamu usimnyweshe kitu, mkimbize hospitali. Insulini isikae kwenye kerea juani, iwe ndani ya kitambaa kibichi na kivulini. Kagua na miguu yake kila mnaposimama, kidonda cha kiatu kwa mtu wa sukari siyo kidogo.

Mzee wa Busara
Vijana wa siku hizi. Baba wa kumtunza unampeleka porini kwa tembo. Mzazi hachezewi.

Tambarare_Tu
Simchezei. Yeye ndiye anayenisumbua mimi. Nikikataa ataenda peke yake.

Chai ya Rangi
Wakuu, hii ni chai na ina tangawizi za Mamba Miamba. Mwanzo "mwenzangu", halafu "ndugu", halafu mzee, halafu sindano, halafu uchumba. Kila akibanwa anaongeza sehemu kama tamthilia. Kesho atatuambia tembo alikuwa mshenga. Haya, kama mzee yupo, tupia picha ya baiskeli yake.

Kibuyu cha Togwa
Mimi nilishaanza kulia 😅 Nirudishiwe machozi yangu.

Bongo Uholanzi
Chai au siyo chai, ushauri umefika. Huku njia za baiskeli zina namba kwenye makutano, unafuata namba tu, na wazee wa miaka themanini wananipita. Lakini ni tambarare, zahanati hazikosi.

Tambarare_Tu
Picha ya baba yangu siweki humu. Ya baiskeli siwezi, nimesema iko Same. Anayeona chai asinywe.

MpareOrijino
Iwe chai, iwe kweli, mtu mwingine atasoma akiwa na mzee wa kweli. Wewe gawa safari. Siku ya kwanza lala Kisiwani hata kama mmefika mchana, msimfikishe mzee Gonja kwenye jua la saa nane. Na mpate kijana wa bodaboda awafuate nyuma na mizigo.

Sista wa Zamu
Naunga mkono hiyo bodaboda. Kaka, swali moja la mwisho: dada zako na mama wanajua?

Tambarare_Tu
MpareOrijino, tyubu za 28 nitazipata Same au ninunue Moshi kabisa?

MpareOrijino
Nunua Moshi. Na umjibu Sista.