Kofia za mwanga za kupima ubongo: mwanga usiokatika, muda wa fotoni au HD-DOT?

Mdadisi_Ubongo
Wakuu, habari za kazi. Naandaa utafiti kuhusu ubongo wa watoto wa miaka 3 hadi 5 wanaposikiliza hadithi. MRI (mashine ya kupiga picha za ubongo kwa sumaku) nimeiondoa mapema: mtoto wa umri huo hatulii ndani ya mashine yenye kelele, nami nataka awe ameketi, anageuka, anacheka. Nimebaki na kofia za mwanga (fNIRS) na nimekutana na aina tatu: ya mwanga usiokatika, inayopima muda wa safari ya fotoni (chembe za mwanga), na HD-DOT yenye vihisi vilivyobanana. Kuna aliyeniambia niachane na zote nichukue EEG, inayopima umeme wa ubongo. Mliozitumia, naomba mwongozo.

Fotoni
Karibu sana. Kwanza tujue kinachopimwa, maana wengi huruka hapo. Zote tatu zinatumia mwanga wa kati ya nanomita 650 na 950 hivi. Katika eneo hilo maji na himoglobini haviunyonyi sana, kwa hiyo unapita kwenye ngozi na fuvu hadi gamba la nje la ubongo. Himoglobini yenye oksijeni na isiyo na oksijeni hunyonya mwanga kwa namna tofauti, ndiyo maana vifaa vingi vinatumia mawimbi mawili, kwa mfano nanomita 760 na 850. Mtafiti Frans Jöbsis alionyesha mwaka 1977 kwamba kipimo hiki kinawezekana. Kwa hiyo hupimi neva zenyewe. Unapima damu inayozihudumia, na damu hiyo hufika kileleni sekunde 5 au 6 baada ya tukio.

Mwanga usiokatika ndio mwepesi na rahisi kuliko zote, ila unakupa mabadiliko tu, si kiasi halisi cha oksijeni. Katika kipimo cha muda, leza hutoa midundo mifupi mno na kihisi hupima kila fotoni imechelewa kwa pikosekunde (sehemu ya trilioni ya sekunde) ngapi. Fotoni iliyochelewa imezunguka zaidi, na aghalabu imefika chini zaidi. Mimi navutiwa na hii. Zamani ulikuwa mtambo wa kusukuma kwa magurudumu, lakini kifaa cha Kernel Flow kimeubana ukawa kofia yenye moduli (vipande vya vyanzo na vihisi) 52.

Tabibu_Watoto
Kuhusu EEG, aliyekushauri hakukosea kabisa. Inafuata ubongo kwa milisekunde, na kama swali lako ni neno lipi hasa limemshtua mtoto, mwanga hautakujibu. Ila mtoto akitafuna au akikunja uso, umeme wa misuli unavuruga rekodi. Tena EEG haikuonyeshi vizuri shughuli imetokea wapi.

Kwa watoto wadogo mwanga una nafasi nzuri, kwa sababu fuvu lao ni jembamba. Mradi wa BRIGHT umefuatilia watoto tangu uchanga huko Keneba, Gambia, na Cambridge, Uingereza, na fNIRS ni mojawapo ya vipimo vyake. Kama kundi lako lina watoto waliopandikizwa kifaa cha kusikia, usisite: sumaku ya kifaa hicho inaleta taabu kwenye MRI, umeme wake unaingia kwenye EEG, mwanga hauguswi na lolote kati ya hayo.

Mtakwimu
Naomba tusibishane kuhusu leza kabla ya kuzungumzia ngozi ya kichwa. Mwanga hupita kwenye damu ya ngozi mara mbili, ukiingia na ukitoka. Mtoto akisisimka, mapigo ya moyo yanapanda, damu ya ngozi inabadilika, na kwenye grafu utaapa kwamba umeona ubongo.

Dawa yake ni chaneli fupi. Chaneli ya kawaida ina takriban sentimita 3 kati ya chanzo na kihisi; ile fupi ina kama milimita 8, kwa hiyo inasikia ngozi tu. Unaitumia kuondoa mchango wa ngozi kwenye chaneli ndefu. Kofia ya mwanga usiokatika yenye chaneli fupi za kutosha naiamini kuliko kofia yoyote ya kifahari isiyoweza kutenganisha tabaka hizi.

HD-DOT imeshinda hapa kwa muundo wake. Vihisi vyake viko katika umbali mwingi unaopishana, kwa hiyo unapata picha ya tabaka badala ya nukta chache. Kazi ya Washington University huko St. Louis, iliyotoka mwaka 2014, ilionyesha ramani zinazokaribiana na za fMRI, yaani MRI inayoonyesha ubongo ukifanya kazi. LUMO, kifaa cha kampuni ya Gowerlabs, imeleta wazo hilo kwenye vigae vya pembe sita vinavyovalika.

Zuhura_M
Mmesahau nywele! Nywele nyeusi na nzito humeza mwanga kabla haujafika kichwani, na melanini (rangi asilia) ya ngozi nayo inachukua sehemu yake. Kadiri vihisi vinavyozidi, ndivyo sehemu za kutenganisha nywele zinavyozidi, na mtoto anachoka kabla hujaanza. Matokeo yake watafiti wanawatupa washiriki wenye "ishara mbaya", na wanaotupwa si wa kubahatisha. Hili linaniuma. Jaribu kila kofia kwenye vichwa vya aina utakayopima, si kwenye upara wa muuzaji.

Mdadisi_Ubongo
Zuhura, asante, hilo sikulipa uzito. Na vipi MEG ya kuvaa, ile inayopima sumaku ya ubongo?

Fotoni
Ni nzuri mno, lakini inahitaji chumba kilichokingwa dhidi ya sumaku. Kwa hadithi na watoto wanaocheza, naafikiana na Mtakwimu: HD-DOT ikiwa nywele zinaruhusu, la sivyo mwanga usiokatika wenye chaneli fupi. Usitarajie kuona hipokampasi, sehemu ya ubongo ya kumbukumbu, kwa kofia yoyote kati ya hizi. Iko ndani mno.

Mtakwimu
Na kanuni ya kukataa chaneli mbovu iandike kabla ya kukusanya data. Kisha ripoti umepoteza watoto wangapi na wana nywele za aina gani.