Bluu iliyogeuka zambarau na fundi asiyetaka kipimo: nianzie wapi?

Mrithi wa Mlandege

Assalamu alaykum. Nimeachiwa usimamizi wa kiwanda kidogo cha uchapaji hapa mjini Unguja baada ya baba yangu kuamua kupumzika, nami naomba ushauri wa waliokwisha kuipita njia hii. Tuna mashine moja ya ofseti (ya kuchapa kwa pleti, yaani bamba lenye picha ya kazi) ya rangi mbili, gilotini ya kukatia na kompyuta tatu. Kazi zetu kubwa ni vitabu vya risiti, kadi za harusi, imsakia za Ramadhani na vipeperushi vya hoteli za Nungwi na Paje.

Mwezi uliopita hoteli moja ilituru­dishia vipeperushi 2,000 kwa sababu bluu ya nembo yao ilikuwa imeelekea zambarau, ilhali kazi ya mwanzo, iliyotoka katika mashine ile ile na mikononi mwa fundi yule yule, waliisifu. Nikanunua densitomita ya kupimia wino, nikaandika utaratibu wa ukaguzi wa kurasa nne na kuubandika ukutani. Fundi wetu mkuu, ambaye namwita baba mdogo kwa kuwa amenilea, aliusoma wote, akavua miwani, akasema kwamba jicho lake lina miaka 35 kazini na kipimo changu kina siku tatu. Densitomita imo kabatini mpaka leo.

Siwezi kumvunjia heshima, wala siwezi kuendelea hivi. Je, nitafute cheti cha ISO 9001, kile cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, ninunue mashine ya dijitali, au kuna jambo la kutangulia yote hayo?

Mpiga chapa wa Chake Chake

Wa alaykum salaam. Kabla ya cheti na kabla ya mashine, uliza kwanza ile bluu iliidhinishwa mahali gani na saa ngapi. Sisi huku Pemba tuliwahi kugombana na mteja wiki nzima, kisha tukagundua kwamba yeye alitia saini sampuli barazani mchana, na fundi alilinganisha usiku chini ya taa ya tyubu. Wino hauna rangi moja chini ya kila mwanga, na ndiyo maana wachapaji wakubwa hulinganisha kazi chini ya taa maalumu ya kelvini 5,000. Ukiikosa taa hiyo, chagua dirisha moja lisilopigwa na jua moja kwa moja, mukubaliane kwamba rangi huamuliwa hapo tu, mchana tu.

Jambo la pili ni kwamba bluu inayotokana na samawati na majenta ni rangi ya hila, kwa sababu majenta ikizidi kidogo tu, jicho la mteja huona zambarau. Kwa nembo inayorudi kila mwaka, ni afadhali uchanganye wino mmoja maalumu kwa mizani, uandike gramu za kila wino uliotumika, na uhifadhi karatasi iliyotiwa saini ndani ya bahasha nyeusi ili isipauke.

La tatu ni karatasi yenyewe. Kazi ya rangi nne katika mashine ya rangi mbili hupita mara mbili, na kati ya mpito wa kwanza na wa pili karatasi inakaa wazi. Chumba cha uchapaji kinatakiwa kiwe na unyevu wa hewa wa asilimia 50 hadi 55, nasi wakati wa masika mara nyingi tunapita 80. Karatasi hunywa unyevu kuanzia kingoni, ikafanya mawimbi, tena hutanuka zaidi kwa upande unaokatiza nyuzi zake kuliko upande unaozifuata. Ukiipitisha mara ya pili, rangi hazikai tena mahali pake, na fundi hulaumiwa kwa kosa la hewa. Tunachofanya ni kufunika kila rundo kwa nailoni mara tu linapotoka mashinani, na kutofungua rimu mpya mpaka ilale usiku mmoja ndani ya chumba cha mashine.

Mkaguzi mstaafu

Naomba nitofautishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. ISO 9001, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2015, haisemi lolote kuhusu bluu. Inauliza kama kazi yako ina utaratibu unaojulikana, unaofuatwa na unaorekebishwa makosa yanapotokea. Kiwango kinachozungumzia rangi, karatasi na kutanuka kwa nukta za wino katika uchapaji wa ofseti ni ISO 12647-2, kilichotoka mwaka 1996. Kiwanda kinaweza kuwa na cheti cha kile cha kwanza na bado kikatoa nembo za zambarau, mradi kimeandika vizuri namna kinavyozitoa. Nasema hivi kwa mzaha, lakini nimekagua viwanda vya namna hiyo.

Kwa ukubwa wa shughuli yako, cheti kisubiri. Nunua daftari. Kila kazi iandikwe karatasi ngapi zimeingia, ngapi zimetoka nzuri, ngapi zimeharibika na kwa sababu gani, kwa maneno ya fundi mwenyewe. W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha wenye viwanda wa Japani mwaka 1950, alishikilia kwamba sehemu kubwa ya kasoro hutokana na mfumo alioupanga mwenye kiwanda na si uzembe wa mfanyakazi, na kwamba ubora haupatikani kwa kukagua bidhaa ikiwa imeshaharibika. Ule utaratibu wako wa kurasa nne, samahani kwa kusema, ni ukaguzi wa mwisho uliovalishwa kanzu.

Mzee wa herufi za risasi

Wanangu, nimesoma yote, na niruhusuni niseme kwa niaba ya huyo baba mdogo, kwa sababu namjua bila ya kuonana naye. Mimi nilianza kazi kwa kupanga herufi za madini ya risasi moja moja kwenye kijiti, tukisoma kinyumenyume kama mtu anayesoma kwenye kioo. Kisiwa hiki kilikuwa na mtambo wa kupiga chapa tangu enzi za Sultani Sayyid Barghash, na sisi tulijiona warithi wa kazi hiyo. Kisha asubuhi moja tukakuta makasha ya herufi yametolewa uani, mashine ya ofseti imo ndani, na kijana asiyetujua anatufundisha. Hakuna aliyetuuliza. Wenzangu wawili hawakurudi baada ya chakula cha mchana.

Kwa hiyo naomba mwenye kiwanda ajibu swali moja: karatasi zikiharibika, nani analipa? Kama mshahara wa fundi unakatwa, basi daftari la mkaguzi ni kazi bure. Tulipokuwa tukikatwa, mbovu tulizifukia katikati ya nzuri, au tulizitia katika mfuko wa mabaki kabla ya mhasibu kufika. Hakuna densitomita inayopima jambo hilo.

Mrithi wa Mlandege

Mzee wangu, umenigusa palipo na jeraha. Ndiyo, tunakata. Baba aliliweka tangu zamani, nami sikuwahi kulifikiria. Nimezungumza naye jana, na kuanzia mwezi huu makato yamefutwa. Kuhusu mashine ya dijitali, bado natamani.

Mpiga chapa wa Chake Chake

Itamani, lakini kwa hesabu. Dijitali haina pleti wala maandalizi marefu, kwa hiyo kadi 80 za harusi zinalipa pale ambapo ofseti ingekula karatasi nyingi kwa kutafuta rangi tu. Ila ukifika maelfu, ofseti bado ni rahisi kwa kila nakala. Tena inataka kiyoyozi na umeme usioyumba. Wenzetu wa Unguja hamjasahau ile miezi mitatu ya giza tangu Disemba 2009, waya wa baharini ulipoharibika; aliyenunua mtambo kwa mkopo bila ya jenereta aliyaona. Kisha karatasi iliyonywa unyevu itakwama humo vilevile. Mtu hakimbii masika kwa kubadilisha mashine.

Mrithi wa Mlandege

Narudi baada ya wiki tatu, kama nilivyowaahidi baadhi yenu faraghani. Sikumpa baba mdogo utaratibu wangu. Nilimpa daftari tupu nikamwomba aandike yeye ni lini kazi inafaa kusimamishwa, na alichoandika ni nusu ukurasa. Kuhusu dirisha alikataa la kwangu, akachagua la upande wa kaskazini, nami nikakubali kwa kuwa ana haki.

Lililonishangaza ni sababu za uharibifu. Nilitarajia mashine, na kweli ipo, lakini mara nyingi zaidi kosa limeanzia mapokezi, kwangu mimi: picha iliyotumwa kwa WhatsApp ikapokewa kama ilivyo, faili lililoachwa katika rangi za kioo cha kompyuta bila ya kugeuzwa kuwa rangi za wino, kadi isiyo na ziada ya milimita 3 ya kukatia, na mara moja jina la bwana harusi lililokosewa herufi, ambalo hakuna aliyelisoma kwa sauti mbele ya mteja. Kikulacho ki nguoni mwako. Sasa hapokei mtu kazi bila ya mteja kutia saini prufu ya karatasi, yaani nakala ya majaribio, nikiwemo mimi.

Densitomita imetoka kabatini juzi. Hakuniambia. Nilimkuta anapima karatasi ambayo jicho lake lilikuwa limeshaikubali, kisha akaandika tarakimu pembeni kwa penseli. Swali langu jipya ni dogo: hiyo karatasi ya kibali, ile iliyotiwa saini na mteja, mnaibadilisha kila baada ya muda gani kabla haijaanza kupauka?

Mpiga chapa wa Chake Chake

Sisi tunachapa mpya kila mwaka, na mteja anatia saini upya. Andika tarehe nyuma, si mbele.