Tupeane uzoefu: mikanda ya filamu za wakubwa za Marekani miaka ya 70, mnaiokoaje?

Mleta uzi: Wakuu, nakala iliyosafishwa ya The Opening of Misty Beethoven imenichokoza. Ni ile ya 1976, Radley Metzger akijiita Henry Paris, iliyoshinda filamu bora AFAA, chama cha filamu za wakubwa Marekani, walipoanza kutoa tuzo 1977. Ya chumbani tuyaache, hapa tunaongelea mkanda. Mnaanzia wapi?

Fundi Rili: Pua. Kopo likinuka siki, asetati, ile plastiki ya mkanda, imeanza kuoza na kutoa asidi, na asidi hiyohiyo inazidi kuiozesha. Tumbukiza karatasi ya kupimia asidi, funga kopo siku nzima. Ikibaki buluu, poa. Ikienda kijani, tenga. Ikiwa njano, skani haraka. Halafu pima kusinyaa: ukizidi asilimia 1 usiupitishe kwenye projekta ya meno, matundu yatachanika. Tafuta skana ya rola, isiyo na meno. Dakika 85 za milimita 35 ni kama futi 7,650, yaani rili nne za futi 2,000. Kagua sana mwanzo na mwisho wa kila rili, ndiko waendesha projekta walikokata na kuunga.

Kopo Jeusi: Kweli tupu. Na la siki lisikae na mengine.

Mzee Negativu: Mnahangaika na nakala za sinema za nini? Eastmancolor, filamu ya rangi ya Kodak, ya miaka hiyo imepauka, umebaki wekundu kama juisi ya rozela. Tafuteni negativu, mkanda asilia uliopita kwenye kamera!

Fundi Rili: Ikikosekana tukae tu? Nakala nyekundu bado ina sauti. Ule mstari wa sauti wa pembeni ni madini ya fedha, haupauki.

Mzee Negativu: Sauti ya mikwaruzo hiyo, hongera.

Shahidi: Nakala mbili zikitofautiana urefu msishangae. Hukumu ya Miller ya 1973, ya Mahakama ya Juu ya Marekani, iliachia viwango vya kila jamii vipime filamu ipi ni chafu kimaadili, mikasi ikafanya kazi mji kwa mji. Ukali wake: Harry Reems, mwigizaji tu wa Deep Throat, filamu nyingine ya wakubwa, alitiwa hatiani Memphis 1976 kwa njama ya kuisambaza. Kilichomwokoa ni kwamba alicheza kabla ya Miller. Akaamriwa kesi mpya, mashtaka yakafutwa 1977.

Dogo Skana: Mwigizaji?! Alisambaza nini sasa?

Shahidi: Walimwita mshiriki wa njama.

Kopo Jeusi: Jamani, mkanda. Mikwaruzo je?

Dogo Skana: Lango la majimaji, yaani mkanda unaskaniwa ukiwa umelowa kimiminika. Kimiminika chenyewe, perkloroethilini, kinajaza mikwaruzo ya upande wa plastiki, haionekani tena. Mkwaruzo uliokwangua upande wa rangi haufutiki hivyo, na kimiminika ni sumu, feni iwepo.

Mzee Negativu: Kuhifadhi, tia kwenye friji, nyuzi 4. Mama watoto aambiwe si samaki.

Kopo Jeusi: Friji la nyumbani lina unyevu! Makopo yapate hewa, asidi itoke.

Fundi Rili: Hewa ni kwa unaokaa kwenye joto la chumba. Wa baridini unafungwa ndani ya mifuko miwili, na ukitolewa haufunguliwi mpaka upate joto la chumba, la sivyo unatota.