Naomba ushauri, wanangu hawataki gambus ya babu yao

Wakuu habari zenu. Mi ni mtu wa Tanga nimeolewa huku Johor, Malaysia, na baba mkwe wangu anapiga gambus, ala ya nyuzi kama udi, ile ya Kimelayu yenyewe, imechongwa kwenye gogo moja na tumboni imewambwa ngozi, ndo inaongoza zapin, ule muziki wa kucheza wa Wamelayu, pamoja na vile vingoma vidogo vya marwas. Zapin yenyewe imetokana na Waarabu wa Hadhramaut, haohao waliofika na kwetu pwani, kwa hiyo mzee akianza tu kupiga mi nakumbuka udi wa taarab nyumbani, machozi yananitoka.

Sasa mzee ana miaka 74, vidole vimeanza kukaza, na wanangu, 13 na 15, wako TikTok tu. Juzi kamshika mdogo mkono amuoneshe kupiga nyuzi, mtoto kakaa dakika tano kaondoka, mzee akabaki anafuta nyuzi kwa shati kimyakimya. Roho iliniuma sana jamani.

Kuwalazimisha sitaki, wataichukia kabisa. Nimewaza nimrekodi mzee ila video haitamshika mtoto mkono. Nyie wa Zanzibar mliowafundisha wanenu kupiga udi au kanuni, mlianzaje? Na huyu wa miaka 13 kashachelewa?