Mvulana akiwa na mpenzi mnacheka, msichana akiwa naye mnashika fimbo. Kwa nini?

Wakuu, leo nina hasira, mtanivumilia.

Nyumba moja, wazazi walewale. Kaka ana miaka 16, akikutwa anachati na binti usiku baba anacheka: "Dume hilo, limeanza!" Mdogo wake wa kike akikutwa na meseji ya "umekula?" simu inachukuliwa, mashangazi wanaitwa, kesi inakesha. Sasa huyo kaka mlitaka achati na nani, na kivuli chake? Si ni binti wa watu, ambaye huko kwao naye anaandaliwa kesi!

Utetezi wenu wa kila siku ni kwamba wasichana hukomaa mapema. Ni kweli, balehe yao kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, ya wavulana kati ya 9 na 14. Lakini huo ni mwili. Sehemu ya ubongo inayomsaidia mtu kujizuia na kupima matokeo huendelea kukomaa mpaka baada ya miaka 20, kwa wote wawili. Kumbe binti wa miaka 14 anabebeshwa akili yake na ya mvulana juu, na mvulana akivuka mpaka, anayeulizwa ni binti: "Ulimpa sababu gani?"

Linalonichoma hasa ni hili. Msichana anaambiwa asikubali upesi, ataonekana rahisi. Mvulana anaambiwa mwanamume hakati tamaa. Basi aliyempenda anakataa kwanza ili alinde heshima, asiyempenda anakataa kwa dhati, na kijana kafundishwa kuwasikia wote wawili kama wanaomwambia aongeze bidii. Anamvizia njiani, anapiga simu usiku kucha, anatuma marafiki, nasi watu wazima tunasema kapenda kweli huyu. Akianza kumkagua simu na kumchagulia wa kuongea nao, eti wivu ndiyo mapenzi. Akija kuwa mume mkorofi tunashangaa tabia katoa wapi.

Na msidhani namtetea binti peke yake. Huyo kijana ndiye atongoze, ndiye alipe kila kitu (hela anatoa wapi, mtu bado anaomba nauli kwa mama yake?). Asiye na mpenzi anaitwa zoba. Akiachwa akalia, anaambiwa aache mambo ya kike. Alichoruhusiwa ni hasira tu, na mara nyingi hasira hiyo inaishia kwenye kumwaga siri na meseji za binti kwa kila mwenye simu. Na zikishamwagwa anayechekwa ni binti, aliyezimwaga anapigiwa makofi!

Najua wapo watakaokuja na "lakini mimba anabeba msichana." Sawa, anabeba yeye. Ila hajipi mwenyewe. Huyo wa pili mlimkalisha chini lini mkaongea naye?