Malipo ya moja kwa moja ya matunzo, England: je, binti wa dada yangu anaweza kuajiriwa amhudumie mama?

BintiPwani

Assalamu alaykum. Mama yangu ana miaka 76, tunaishi England, na tangu apatwe na kiharusi hawezi kuoga, kuvaa wala kupanda kitandani bila msaada. Halmashauri ilimfanyia tathmini ya mahitaji ikampangia saa 14 kwa wiki, ambazo kwa sasa zinahudumiwa na kampuni. Taabu ni kwamba kila wiki huja sura mpya, mhudumu wa asubuhi anafika saa nne na nusu ilhali mama yu macho tangu alfajiri, na kwa kuwa Kiingereza chake kidogo kimezidi kupotea kwa maradhi, akiomba kupelekwa msalani analetewa gilasi ya maji.

Afisa ustawi wa jamii ametueleza kwamba tunaweza kupokea fedha hizo wenyewe, kwa utaratibu wa malipo ya moja kwa moja, tukajitafutia mhudumu. Mimi namtaka binti wa dada yangu, ambaye anakaa mtaa wa pili na amezoeana sana na bibi yake. Kaka yangu, anayeishi na mama nyumba moja, naye anauliza kama anaweza kulipwa. Naomba kujua kwa wenye uzoefu ni nani anayeruhusiwa, na ni mzigo gani unaotuangukia fedha zikishaingia mikononi mwetu.

MtuWaKaskazini

Waalaykum salaam, dada. Binti hana kizuizi, kwa kuwa hakai na mama. Mwenye kikwazo ni kaka yako: kanuni za mwaka 2014, zilizotungwa chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka huohuo, haziruhusu fedha hizi kumlipa mume, mke au ndugu wa karibu anayeishi nyumba moja na mhitaji, isipokuwa halmashauri iridhike kwamba ni lazima iwe hivyo ili mahitaji yatimizwe. Aombe kwa maandishi na ataje sababu. Lugha ni sababu yenye uzito. Hata akikataliwa, bado ana haki ya kufanyiwa tathmini yake mwenyewe akiwa mlezi, na hiyo watu wengi hawaidai.

Kuhusu mzigo, anayepokea malipo na kumwajiri mtu ndiye mwajiri kamili mbele ya sheria. Mtashauriwa na wengi mumwandike binti kama mtu aliyejiajiri ili kukwepa makaratasi, nami nawasihi msikubali. Anayefika saa mnazompangia, akafanya kazi mnavyomwelekeza, wala hawezi kumtuma mwingine badala yake, kwa kawaida ni mwajiriwa, na mamlaka ya mapato, HMRC, hutazama kazi ilivyo, si jina mliloipa. Kwa hiyo mtahitaji kujisajili kama waajiri, kumpa likizo yenye malipo ya wiki 5.6 kwa mwaka, na kwa kawaida kukata bima ya dhima ya mwajiri isiyopungua pauni milioni 5. Pensheni ya kazini huwa ni lazima kwa mwenye miaka 22 na zaidi ambaye mshahara wake unavuka pauni 10,000 kwa mwaka. Kwa saa 14 huenda asifike huko, lakini mama akiongezewa saa, binti anaweza kuvuka. Michango ya mwajiri ya bima ya taifa isiwatishe sana, kwani anayemwajiri mtu wa kumtunza mgonjwa anaweza kuomba nafuu ya serikali inayoifuta yote au sehemu kubwa.

Mimi nasimamia malipo ya baba, na mishahara nimemwachia mhasibu ambaye ujira wake umo ndani ya bajeti. Mwisho wa mwezi baba anatia sahihi karatasi ya saa, naipiga picha na kuituma, na hati ya mshahara inarudi kwa barua pepe.

AfisaMstaafu

Aliyetangulia amesema kweli, ila mimi ningeanza na kiwango cha fedha kabla ya kumtafuta mtu. Sheria inataka bajeti ya mama itoshe kutimiza mahitaji yaliyoandikwa katika mpango wake, kwa hiyo msikubali kiwango cha saa kinacholingana na mshahara mtupu. Ulizeni kama ndani yake mna likizo, bima, mhasibu, na fedha za kumweka mtu mwingine siku ambayo binti anaumwa. Kima cha chini kilifika pauni 12.21 kwa saa Aprili 2025 na hupitiwa kila Aprili. Ulizeni kama kiwango chenu nacho hupanda.

Fungueni akaunti ya peke yake, kwani halmashauri itakagua matumizi ndani ya miezi sita ya kwanza, kisha angalau mara moja kwa mwaka. Jambo jingine ambalo maafisa wenyewe huchanganya: mama kushindwa kusema vizuri si sawa na kukosa uwezo wa kuamua. Akielewa, malipo ni yake, nanyi mnamsaidia. Dai mkalimani katika mazungumzo hayo, na mkalimani huyo asiwe wewe.

Nyumbani_Mbali

Mimi naona tofauti kidogo. Malipo haya hayakulazimishi kuwa mwajiri. Unaweza kuyatumia kuilipa kampuni unayoichagua mwenyewe, na ndivyo nilivyofanya kwa shangazi, nikapata ndogo yenye wahudumu wawili wanaozungumza Kiswahili. Binti wa dada akichelewa mara tatu, ni nani atakayemwonya, na dada yako atalichukuliaje?

BintiPwani

Nawashukuru nyote. Hilo la dada limenigusa, na huenda nikaanza na binti kwa siku chache tu, nyingine kampuni. Je, tukishindwa, tunaweza kurudi tulikotoka?

AfisaMstaafu

Mnaweza. Malipo haya ni ya hiari, na wajibu wa kutimiza mahitaji ya mama unabaki kwa halmashauri. Andikeni kwamba mnataka ipange huduma yenyewe. Lakini binti atakuwa na haki ya notisi, na akiwa ameajiriwa miaka miwili au zaidi huenda akastahili pia fidia ya kupunguzwa kazini, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi mkataba wake ulizeni kwa maandishi ni nani atakayeilipa.